Shajara ya mradi: sheria za Marekani katika uzito wa sarafu zake za fedha

Januari: mipaka ya mradi

Mradi huu una lengo moja. Nakusudia kukusanya sarafu za fedha za Marekani hadi mabadiliko ya mwaka 1965 kwa kufuata sheria zilizozizaa, yaani kupata angalau sarafu moja inayoshuhudia kila badiliko kubwa ambalo Bunge la nchi hii lilifanya katika uzito wa sarafu au katika kiasi cha madini ya fedha kilichomo ndani yake. Wakusanyaji wengi ninaokutana nao hapa Pennsylvania hujaza albamu zao mwaka baada ya mwaka na kiwanda baada ya kiwanda, na kazi yao naiheshimu sana. Lakini kwangu mimi sarafu ya zamani ni hati ya serikali iliyopita mikononi mwa watu, na kifungu chake cha kwanza kimeandikwa katika uzito. Kwa sababu hiyo kila sarafu itakayoingia humu itapimwa kwanza, itachunguzwa ukingo wake, kisha ndipo nitakaposoma mwaka na kuhukumu hali yake.

Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha Philadelphia na kuipa dola uzito wa gramu 26.96, ambamo fedha halisi ilikuwa gramu 24.06. Mwaka 1837 mchanganyiko ulirahisishwa ukawa sehemu tisa za fedha kwa sehemu moja ya shaba, na dola ikashuka hadi gramu 26.73 bila fedha halisi iliyomo kupungua. Baada ya hapo nina vituo vya 1853, 1873, 1878, 1918, 1942 na 1965, ambavyo nitavieleza kila nitakapovifikia.

Vifaa ni vichache: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kipimo cha kipenyo, lenzi inayokuza mara kumi, sumaku yenye nguvu, taa ya mezani inayoweza kuinamishwa, na daftari. Sitatumia tindikali wala kukwangua ukingo, kwa maana sarafu iliyotiwa jeraha ili kuthibitishwa imeshapoteza sehemu ya thamani iliyokuwa ikitafutwa.

Februari: kuanzia mwisho

Nimeanza na sheria ya mwisho kwa sababu ushahidi wake ni wa bei nafuu. Dola moja ya kale ina wakia 0.7734 za fedha halisi, na hivyo bei ya fedha ilipofika dola 1.29 kwa wakia mwanzoni mwa miaka ya 1960, madini yaliyomo ndani ya dola yalilingana na thamani iliyochapwa juu yake. Watu wakaanza kuzificha sarafu, benki zikakosa za kurudisha chenji, na tarehe 23 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria iliyoondoa fedha katika senti kumi na robo dola, na kuipunguza katika nusu dola kutoka asilimia 90 hadi asilimia 40.

Mpaka huu ni rahisi kuonekana hata bila mizani. Robo dola ya 1964 ina ukingo mweupe mtupu, na ile ya 1965 ina mstari wa shaba uliozunguka katikati ya ukingo, kwa kuwa imetengenezwa kwa tabaka mbili za shaba na nikeli zilizobanwa juu ya kiini cha shaba. Kwa mizani tofauti ni gramu 6.25 dhidi ya 5.67, na kwa senti kumi ni gramu 2.50 dhidi ya 2.27. Kazi hudai umakini zaidi katika nusu dola ya Kennedy, iliyochongwa upande wa mbele na Gilroy Roberts na upande wa nyuma na Frank Gasparro, kwa kuwa ina nyuso tatu za kisheria: ile ya 1964 ina uzito wa gramu 12.50, zile za 1965 hadi 1970 zina gramu 11.50, na zile za 1971 na kuendelea zina gramu 11.34. Kati ya hizi mbili za mwisho kuna gramu 0.16 tu, na hapo mizani ya jikoni haisaidii kitu.

Kwa zile za asilimia 40 nilifuata njia ya wakusanyaji wa hapa: huenda benki, hununua mabunda ya nusu dola kwa thamani yake ileile, huangalia kingo zote kwa pamoja kabla ya kulifungua bunda, kisha huzirudisha zisizofaa. Ni njia ya subira, lakini haina hasara, na imenipa nusu dola ya 1967 na nyingine ya 1969 yenye alama ya D ya kiwanda cha Denver. Ile ya 1967 haina alama yoyote ya kiwanda, kwa sababu sheria ya 1965 ilisimamisha alama hizo kwa muda ili wakusanyaji wasizikimbilie sarafu mpya wakati nchi ina upungufu.

Machi: senti tano za wakati wa vita

Senti tano ya kawaida ya Marekani haikuwa na fedha tangu ilipoanza kutengenezwa kwa nikeli na shaba mwaka 1866. Hata hivyo vita vilipohitaji nikeli, kuanzia Oktoba 1942 hadi mwisho wa 1945 zilitengenezwa senti tano zenye asilimia 35 ya fedha, asilimia 56 ya shaba na asilimia 9 ya manganizi. Hapa mizani hainyoshi kidole, kwa sababu uzito ulibaki gramu 5 kamili. Serikali yenyewe ilitoa dalili nyingine: alama ya kiwanda ilikuzwa na kuwekwa juu ya kuba la jumba la Monticello upande wa nyuma, na kwa mara ya kwanza katika historia yake kiwanda cha Philadelphia kikaweka herufi P. Nimepata moja kutoka kila kiwanda, yaani P, D na S ya San Francisco. Manganizi huzifanya ziingie weusi wa kijivu zikichakaa, na jicho likishazizoea huzitambua ndani ya rundo kabla ya kusoma mwaka.

Aprili na Mei: dola ya Morgan na dola ya Amani

Kituo hiki kimenichukua muda mrefu kwa hiari yangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna sarafu ya Marekani ambayo historia yake ya kisiasa ni nzito kama dola ya Morgan. Mwaka 1873 Bunge lilikuwa limeiacha dola ya fedha nje ya orodha ya sarafu za nchi, jambo ambalo wapinzani wake waliliita jinai. Wenye migodi ya Nevada na wakulima wenye madeni walidai irudishwe, na tarehe 28 Februari 1878 sheria ya Bland na Allison ikapita juu ya kura ya turufu ya Rais Rutherford Hayes. Sheria hiyo iliilazimisha Hazina kununua kila mwezi fedha ya kati ya dola milioni mbili na milioni nne na kuitengeneza dola, kwa uzito uleule wa 1837, yaani gramu 26.73.

Mchoro ni wa George T. Morgan, mchongaji aliyetoka Birmingham nchini Uingereza, na sura ya Uhuru, yule mwanamke anayewakilisha uhuru kwenye sarafu za nchi hii, aliichukua kwa mwalimu wa Philadelphia aliyeitwa Anna Willess Williams. Herufi M ya mchongaji ipo shingoni mwa Uhuru na tena kwenye utepe wa shada upande wa nyuma. Katika sarafu za mwanzo kabisa za 1878 tai ana manyoya manane mkiani, kisha mwaka huohuo yakafanywa saba, na katika baadhi ya sarafu ncha za manyoya ya kwanza zinachungulia chini ya yale ya pili. Nimeichagua ya manyoya manane kuwa shahidi wa sheria ya Bland na Allison, kwa kuwa ilitoka kiwandani wiki chache tu baada ya kura ile. Yangu imechakaa nywele zilizo juu ya sikio, ina kipenyo cha milimita 38.1, na mizani imesoma gramu 26.52.

Alama ya kiwanda hutafutwa upande wa nyuma, chini ya fundo la shada: O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City, D ni Denver ambayo ilitengeneza dola hii mwaka 1921 pekee katika enzi yake ya kale, na isiyo na herufi ni ya Philadelphia. Anayeanza kazi hii asitegemee idadi ya sarafu zilizotengenezwa kama kipimo cha uadimu, na katika dola ya Morgan onyo hili lina uzito wa pekee. Watu hawakupenda kubeba dola nzito mifukoni, hivyo mamilioni yake yalilala ndani ya mifuko ya sarafu elfu moja moja katika vyumba vya Hazina, huku noti za hati za fedha, yaani noti zilizodhaminiwa na dola hizo, zikizunguka badala yake. Sheria ya Pittman ya mwaka 1918 ikaruhusu kuyeyushwa kwa dola hizo, na sarafu 270,232,722 zikaangamia, nyingi kati yake zikiuzwa kwa Uingereza kwa ajili ya mahitaji ya India. Hakuna aliyeandika ni za miaka gani. Kwa upande mwingine, dola ya 1903 ya New Orleans ilihesabika miongoni mwa adimu kupita zote mpaka mwaka 1962, mifuko yake ilipotolewa kutoka Hazina na bei ikaporomoka ghafla. Na kati ya dola 1,136,000 za Carson City za mwaka 1884, zaidi ya 960,000 zilikuwa bado mikononi mwa serikali zilipouzwa kwa umma kuanzia mwaka 1972.

Adimu za kweli zipo. Ya 1893 ya San Francisco ilitengenezwa sarafu 100,000 tu, na kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa zaidi, aghalabu kwa kubandika herufi S kwenye sarafu ya Philadelphia ya mwaka huohuo. Iliyo halali ina mstari mdogo uliojitokeza ndani ya sehemu ya juu ya herufi T ya neno LIBERTY, kwa sababu zote zilipigwa na muhuri mmoja, yaani chuma kilichochongwa cha kupigia sarafu, wa upande wa mbele. Sihitaji sarafu hiyo katika mradi wangu, lakini kujizoeza kuutafuta mstari ule kwenye picha kumenifunza kuangalia sarafu polepole.

Sheria ya Pittman ilidai pia kwamba kila dola iliyoyeyushwa irudishwe kwa fedha iliyonunuliwa kwenye migodi ya nyumbani, ndiyo maana mwaka 1921 dola ya Morgan ilifufuliwa baada ya miaka kumi na saba. Mihuri ya zamani haikuwapo tena, mipya ikachongwa kwa haraka, na tofauti yaonekana: manyoya ya kifua cha tai ni bapa, nywele hazina kina. Desemba mwaka huohuo ikafuata dola ya Amani ya Anthony de Francisci, aliyemchonga Uhuru kwa mfano wa mkewe Teresa. Zile za 1921 zina mchoro uliojitokeza sana, na kwa kuwa mihuri ilivunjika upesi, mchoro ulishushwa mwaka 1922. Nimeweka Morgan ya 1921 na dola ya Amani ya 1922 kando kwa kando. Zote mbili ni za bei ya kawaida, na naona ni heri kuzinunua hizi zikiwa na hali nzuri kuliko kutumia pesa ileile kwa mwaka adimu ulioharibiwa kwa kusuguliwa.

Juni: mishale ya 1853 na ya 1873

Hapa ndipo mradi umefika kiini chake. Dhahabu ya California iliyogunduliwa mwaka 1848 ilikuwa nyingi kiasi kwamba thamani yake ilishuka ikilinganishwa na fedha, na sarafu za fedha zikawa na madini yenye thamani kuliko namba zilizochapwa juu yake. Wafanyabiashara wakazisafirisha nje na kuziyeyusha. Tarehe 21 Februari 1853 Bunge likapunguza uzito wa nusu dola kutoka gramu 13.36 hadi 12.44, na robo dola, senti kumi na senti tano kwa kiwango hichohicho, lakini dola yenyewe haikuguswa.

Ili mtu asichanganye nzito na nyepesi, kiwanda kiliweka mshale kila upande wa mwaka, chini ya miguu ya Uhuru aliyeketi wa mchongaji Christian Gobrecht. Mwaka 1853 peke yake, nusu dola na robo dola ziliongezewa pia miale ya jua kumzunguka tai. Miale iliondolewa 1854, mishale ikaondolewa baada ya 1855, na uzito mpya ukabaki. Nimepata nusu dola mbili kwa muuzaji mmoja: ya 1843, isiyo na mishale, yenye gramu 13.17, na ya 1853, yenye mishale na miale, yenye gramu 12.21. Zote zimepungukiwa kidogo kwa kuchakaa, lakini pengo la karibu gramu moja limebaki wazi baada ya zaidi ya miaka mia na sabini.

Matokeo ya uamuzi wa kuiacha dola bila kuigusa yanapimika hadi sarafu za karne ya ishirini. Nusu dola mbili za 1964 zina gramu 25.00, na dola moja ya Amani ina gramu 26.73, ilhali kisheria zote ni dola moja. Ndiyo sababu wauzaji huhesabu wakia 0.7734 za fedha kwa dola nzima, lakini kwa dola ya vipande vidogo huhesabu 0.7234 zikiwa mpya, au 0.715 kwa zilizochakaa. Mwenye kuuza urithi wa familia asiyeijua tofauti hii anaweza kupunjwa bila kuambiwa uongo wowote.

Mishale ilirudi mwaka 1873 na 1874, pale nusu dola ilipopandishwa kutoka gramu 12.44 hadi 12.50 ili ilingane na vipimo vya gramu. Ongezeko la gramu 0.06 ni dogo kuliko upungufu unaoletwa na uchakavu wa kawaida, kwa hiyo mizani haiwezi kuithibitisha sheria hii katika sarafu iliyotembea. Nimekubali ushahidi wa mishale pekee kwa kituo hiki, na nimeandika hivyo kwenye daftari.

Julai: dola ya biashara

Sheria ileile ya 1873 ilizaa dola ya biashara, iliyokusudiwa kushindana na peso za Meksiko katika masoko ya China. Ina gramu 27.22, na chini ya tai uzito wake wa nafaka 420 (nafaka, kwa Kiingereza grains, ni kipimo kidogo cha uzito) na usafi wake wa sehemu 900 kwa elfu umechapwa waziwazi. Sarafu inayotangaza sheria yake yenyewe ingekuwa kitovu cha mkusanyo huu, na kwa bahati mbaya ndiyo mojawapo ya sarafu zilizojaa bandia kuliko nyingine zote.

Kwenye soko la vitu vya kale nilionyeshwa moja iliyokuwa na alama za wafanyabiashara wa Kichina, zile herufi ndogo zilizogongwa kuthibitisha madini. Sumaku haikuivuta, lakini hilo halithibitishi kitu, maana shaba na risasi nazo hazivutwi. Mizani ilisoma gramu 24.8, kipenyo kilikuwa sahihi, na herufi za maandishi zilikuwa na kingo za mviringo kama za kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Nilimrudishia mwenye meza kwa heshima, nikamweleza nilichokiona. Sarafu ambayo uzito wake uko kwenye mpaka wa shaka huhitaji kipimo cha ziada: huning’inizwa kwa uzi ndani ya maji, kisha uzito wake wa hewani hugawanywa kwa uzito uliopungua majini. Mchanganyiko wa asilimia 90 ya fedha hutoa takriban 10.3; shaba iliyochanganywa na zinki hutoa chini ya 9.

Agosti: dola ya Sultani

Sarafu ninayoiandika hapa sitaimiliki kamwe, lakini ni ya mradi huu, na inawahusu wasomaji wa pwani yetu moja kwa moja. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara mjini Muscat na Sayyid Said bin Sultan, mtawala aliyeifanya Unguja makao yake, ambako meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilikuwa zikileta nguo za merikani na kuchukua pembe za ndovu na sandarusi. Kwa zawadi za kidiplomasia serikali iliagiza seti kamili za sarafu za nchi. Utengenezaji wa dola ulikuwa umesimamishwa tangu 1804, na kwa kuwa vitabu vya kiwanda vilionyesha dola zilizotolewa mwaka huo, mihuri ilichongwa ikiwa na 1804, ingawa dola zilizotolewa wakati ule zilikuwa na miaka ya nyuma. Hivyo dola maarufu ya 1804 ilizaliwa takriban miaka thelathini baada ya mwaka ulioandikwa juu yake. Roberts alikabidhi seti ya Sultani mwaka 1835. Zinajulikana dola chache mno za mwaka huo, zikiwamo zilizotengenezwa baadaye, na ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa dola 4,140,000. Natamani watu wa Unguja na Muscat waihesabu kuwa sehemu ya historia yao pia.

Septemba: sheria ya kwanza na uhifadhi

Kwa sheria ya 1792 nimenunua nusu dola ya 1832, mchoro wa John Reich, mzaliwa wa Ujerumani. Katika miaka ambayo dola haikutengenezwa, nusu dola ndiyo iliyokuwa sarafu kubwa ya fedha, na nyingi zilihamishwa kati ya benki na benki bila kufika sokoni, ndiyo maana bado zinapatikana zikiwa na sura nzuri. Ukingo wake hauna meno bali maandishi FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR, yaliyokoma mwaka 1836 mashine za mvuke zilipoingia kiwandani. Sheria yadai gramu 13.48, yangu ina 13.36. Uzito huo ni sawasawa na nusu dola mpya ya sheria ya 1837, kwa hiyo ni ukingo unaoamua kesi hii.

Zote sasa zimo ndani ya vishikizo visivyo na plastiki ya PVC, ambayo huacha utando wa kijani unaokula uso wa fedha, na pakiti za kunyonya unyevu zimo sandukuni. Hakuna iliyosafishwa. Rangi ya kijivu na ya zambarau iliyozijia kwa miaka mingi ni ngozi yao, na mnunuzi mwenye ujuzi humtambua mara moja mtu aliyeisugua.

Nafasi moja imebaki wazi, ya dola ya biashara. Nitainunua ikiwa ndani ya kasha lililofungwa na moja ya kampuni mbili kubwa za kupanga madaraja, PCGS au NGC, na daraja la 30 kwenye kipimo cha 1 hadi 70 linanitosha kabisa, mradi maandishi ya nafaka 420 yasomeke yote.